Toba na dhambi iliyofichwa: makanisa ya Texas katika mizani

Makala haya yanaangazia toba katika Ukristo na swali la nini hasa kinapaswa kusemwa, na kwa nani, kabla ya mtu kuambiwa kwamba yaliyopita yamepita.

Katika muda wa siku 10 tu za mwezi wa Juni mwaka 2024, makanisa mawili mashuhuri ya eneo la Dallas na Fort Worth, katika jimbo la Texas nchini Marekani, yaliachwa na wachungaji walioyaasisi. Sababu iliyotajwa katika kila kisa ilikuwa dhambi iliyotendwa zamani. Hata hivyo, mwenye kuvifuatilia visa hivyo viwili kwa makini ataona kwamba havifanani hata kidogo. Tofauti iliyopo kati yake ndiyo inayolifanya suala la toba, ambalo wengi hulidhani kuwa la mtu na Mungu wake peke yao, ligeuke kuwa suala la mahakama, la wabunge na la kila mzazi anayempeleka mtoto wake kanisani.

Wa kwanza alikuwa Dakta Tony Evans. Mhubiri huyu alianzisha kanisa la Oak Cliff Bible Fellowship jijini Dallas mwaka 1976, na mwaka 1982 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kutunukiwa shahada ya udaktari wa theolojia na chuo cha Dallas Theological Seminary. Mahubiri yake hurushwa na vituo vya redio katika nchi nyingi. Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024 aliwaambia waumini wake kwamba miaka kadhaa nyuma alitenda dhambi, kwamba haikuwa uhalifu, na kwamba sasa alilazimika kujipima kwa kipimo kilekile cha toba na urejesho ambacho amekuwa akiwapimia wengine. Hakuitaja dhambi yenyewe. Alikaa kando, na ilipofika Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba amekamilisha kipindi cha urejesho lakini hatarudi tena katika uongozi wa kanisa hilo. Uchungaji kiongozi ulimwendea mwanawe, Jonathan Evans.

Wapo waliomsifu kwa kujishusha mwenyewe kabla hajashushwa. Wapo pia walionung'unika kwamba kanisa limeombwa kusamehe kitu ambacho halikuambiwa.

Siku tano baada ya tangazo hilo, tarehe 14 Juni, habari ya pili ilitoka, nayo ilikuwa nzito zaidi. Ilimhusu Robert Morris, aliyeanzisha kanisa la Gateway katika mji wa Southlake, baina ya Dallas na Fort Worth, mwaka 2000, na kulikuza hadi likahesabiwa miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Marekani. Mwaka 2016 alikuwa mmoja wa washauri wa kiroho wa Donald Trump, wakati huo mgombea wa urais. Mwanamke mmoja kutoka Oklahoma, aliyejitokeza hadharani kwa jina lake mwenyewe, alisema kwamba Morris alianza kumdhulumu kingono usiku wa Krismasi ya mwaka 1982, alipofikia nyumbani kwa wazazi wake akiwa mhubiri msafiri. Morris alikuwa na umri wa miaka 21, na yeye alikuwa na miaka 12. Dhuluma hiyo, alisema, iliendelea kwa zaidi ya miaka minne.

Morris alijibu kwa taarifa. Alikiri kwamba alipokuwa na umri wa miaka ya 20 na ushei alikuwa na mwenendo usiofaa na mwanamke kijana katika nyumba aliyokuwa akifikia. Alisema jambo hilo lilidhihirika mwaka 1987, likaungamwa na kutubiwa, na kwamba alikaa nje ya huduma kwa miaka miwili, akapewa ushauri nasaha, kisha akarudi mwaka 1989 kwa baraka za wazee wa kanisa na za baba wa mhusika. Mwanamke huyo alikanusha kwamba baba yake aliwahi kutoa baraka hizo.

Maneno yote ya kanisa yalikuwamo katika taarifa hiyo: ungamo, toba, msamaha, urejesho. Kilichokosekana ni umri. Msomaji wa taarifa ile, asiyejua zaidi, angefahamu kwamba kijana mmoja aliteleza na msichana mtu mzima, kisha akajirudi. Hivyo ndivyo waumini wa Gateway walivyokuwa wamefahamu kwa miaka mingi, kwa sababu mchungaji wao hakuficha kwamba aliwahi kuanguka ujanani. Alikuwa akiligusia jambo hilo mimbarani, kwa maneno ya jumla, kama ushahidi wa neema ya Mungu.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa kisa hiki, na ni ugumu ambao kamusi ya kawaida ya unafiki haiufafanui. Mnafiki hujifanya hana dhambi. Lakini mtu anaweza pia kuificha dhambi yake kwa kuiungama, endapo ataiungama kwa jina jingine. Aliyesikia ungamo la namna hiyo haulizi zaidi, kwani amekwisha kuambiwa. Na akiuliza, ataonekana mtu asiyeamini msamaha.

Tarehe 18 Juni 2024 wazee wa Gateway walitangaza kwamba Morris amejiuzulu. Walisema hawakuwa na habari zote, hususan umri wa mwathirika na muda ambao dhuluma iliendelea. Baada ya hapo kampuni ya mawakili iliajiriwa kuchunguza, na mwezi Novemba mwaka huohuo waumini wakaelezwa matokeo yake: miongoni mwa wazee walikuwamo waliojua kwamba mwathirika alikuwa mtoto, na wengine walikuwa na fununu zilizotosha kuwafanya waulize, wasiulize. Wazee kadhaa waliondolewa.

Kiswahili, msikilizaji, kina maneno mawili katika jambo hili ambayo aghalabu hutumiwa kana kwamba ni moja. Toba ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kurejea. Kiebrania cha Agano la Kale nacho hutumia neno lenye maana hiyohiyo ya kurudi ulikotoka, ilhali Kigiriki cha Agano Jipya husema metanoia, yaani kugeuka kwa nia. Kuungama ni jambo jingine. Ni kukiri kwa kinywa. Mtu aweza kutubu moyoni akiwa peke yake usiku wa manane, lakini hawezi kuungama bila ya kuwapo sikio linalomsikiliza. Swali ambalo makanisa ya Texas yamekuwa yakilizunguka ni la sikio hilo: ni la nani?

Wasikilizaji wa Kiislamu wa mwambao wataikumbuka kanuni waliyofundishwa tangu chuoni, kwamba haki ya Mungu Mungu mwenyewe huisamehe, lakini haki ya mja haiondoki mpaka irudishwe kwa mwenyewe au mwenyewe aridhie kuiachilia. Ukristo hauko mbali na kanuni hiyo, ingawa mahubiri mengi huipita kwa haraka. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anamwagiza mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale na aende kwanza kupatana na ndugu huyo. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko katika Injili ya Luka, hakuishia kusema kwamba amekosa. Alitaja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, mara nne. Mfalme Daudi, baada ya kumchukua Bathsheba na kupanga kifo cha mumewe Uria, aliambiwa na nabii Nathani kwamba amesamehewa, na papo hapo akaambiwa kwamba upanga hautaondoka nyumbani mwake. Wahubiri wengi hupenda kuishia kwenye sentensi ya kwanza ya Nathani.

Kanisa la karne za mwanzo liliwataka waliotenda madhambi makubwa, kama vile uuaji, uzinzi na kuikana imani, watubu mbele ya kusanyiko zima, aghalabu mara moja tu katika maisha. Watawa wa Ireland ndio walioeneza desturi ya kuungama faraghani na mara kwa mara, na mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ukamlazimu kila Mkatoliki kuungama kwa padri walau mara moja kwa mwaka, huku padri akikatazwa kabisa kuitoa siri hiyo. Martin Luther alipozitoa hoja zake 95 mwaka 1517, hoja ya kwanza kabisa ilihusu toba: kwamba ni mwenendo wa maisha yote ya Mkristo. Wakristo wa kiinjili wa Texas ni warithi wa mabadiliko hayo. Hawana kiti cha maungamo, hawana padri mwenye siri, na wengi wao, Wabaptisti kwa mfano, hawana askofu. Muumini humwendea Mungu moja kwa moja. Ni imani inayompa mtu heshima kubwa, lakini ina pengo. Hakuna kanuni inayosema ni nani lazima aambiwe, na ni kwa undani gani, wakati mwenye dhambi ni yule anayeshika maikrofoni.

Ukubwa wa pengo hilo ulidhihirika mjini Houston, takriban saa nne kwa gari kusini mwa Dallas. Mwezi Februari mwaka 2019 gazeti la Houston Chronicle, kwa kushirikiana na San Antonio Express-News, lilichapisha uchunguzi juu ya Umoja wa Wabaptisti wa Kusini, jumuiya kubwa kuliko zote za Kiprotestanti nchini Marekani. Waandishi walikusanya hukumu za mahakama na nyaraka za magereza, wakapata viongozi na wafanyakazi wa kujitolea wapatao 380 waliotuhumiwa kwa makosa ya ngono katika muda wa miaka 20, na waathirika zaidi ya 700. Wapo waliotuhumiwa katika kanisa moja wakaondoka kimya kimya na kupokewa katika jingine, kwani kila kanisa la Kibaptisti linajitawala lenyewe na hakuna faili linalomfuata mtu. Mwaka 2008 viongozi wa umoja huo walikuwa wamelikataa pendekezo la kuweka orodha ya wakosaji, wakitoa sababu hiyohiyo ya kujitawala. Ripoti ya uchunguzi huru ya mwezi Mei 2022 ilifichua kwamba ofisi yao yenyewe ilikuwa ikiitunza orodha ya namna hiyo kwa siri, yenye majina zaidi ya 700. Mwaka huohuo wajumbe walipiga kura kwamba orodha ya wazi ianzishwe. Mwaka 2025 uongozi ulisema kwamba kazi hiyo haikuwa kipaumbele chake kwa wakati ule.

Hata wenye askofu hawakusalimika. Tarehe 31 Januari 2019 majimbo ya Kanisa Katoliki katika Texas, likiwemo Jimbo Kuu la Galveston-Houston na lile la Dallas, yalitoa kwa pamoja majina karibu 300 ya mapadri na watumishi wengine ambao tuhuma dhidi yao zilionekana kuwa za kuaminika. Baadhi ya visa vilirudi nyuma hadi miaka ya 1950 na kabla yake. Utaratibu wa kuungama ulikuwapo wakati wote huo.

Afrika Mashariki ilikwisha kulijaribu jibu la kinyume kabisa. Mwezi Septemba mwaka 1929 daktari mmisionari wa Kiingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini mashariki mwa Rwanda, alikutana mjini Kampala na Muganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Siku walizozitumia pamoja katika sala na kusoma Biblia huhesabiwa kuwa mwanzo wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu ambalo katika miaka ya 1930 lilitoka Gahini na Kigezi, likafika Kenya, Tanganyika na kwingineko. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Kanuni yao kuu ilikuwa kutembea katika nuru, na maana yake ilikuwa kwamba dhambi isemwe kwa jina lake, mbele ya ndugu, bila kungojea kufumaniwa.

Walisema na walirudisha. Waliokuwa wameiba walirejesha blanketi, fedha na vifaa kwa wenyewe, wakiwemo waajiri wa Kizungu na ofisi za serikali ambazo hazikujua kwamba zimeibiwa. Wamisionari nao walitakiwa kuungama, kwa mfano dharau yao kwa Waafrika, na baadhi yao waliungama, jambo ambalo katika zama za ukoloni halikuwa dogo. Mwaka 1941 wanafunzi wa theolojia 26 walifukuzwa katika chuo cha Askofu Tucker huko Mukono nchini Uganda, baada ya kung'ang'ania mikutano yao ya alfajiri na kuwashutumu wakuu wao kwa kuivumilia dhambi.

Lakini uwazi huo nao ulikuwa na gharama zake, na si vyema kuusimulia kana kwamba ulikuwa dawa ya kila ugonjwa. Anayeungama uzinzi hadharani anamwungamia na mwenzake, atake asitake. Wazee wa vijiji walilalamika kwamba ndoa zinavunjwa na watu wanaodai kuzitakasa, na kwamba mambo ya chumbani yanatangazwa sokoni. Kwa baadhi, ungamo lenyewe likageuka kuwa cheo: kadiri dhambi ilivyokuwa kubwa ndivyo msimulizi alivyosikilizwa zaidi. Mwanamke aliyetajwa katika simulizi la mwanamume hakuulizwa kama anapenda kutajwa. Ungamo la siri na ungamo la hadharani, kwa hiyo, vyaweza kufanana katika jambo moja. Vyote viwili vyaweza kumsahau aliyekosewa.

Rwanda, alikozaliwa uamsho huo, ilikuja kuliandika jambo hili katika sheria baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi mwezi Juni 2012 baada ya kushughulikia kesi zipatazo milioni 1.9, ziliwapunguzia adhabu waliokiri. Hata hivyo, kukiri kulikuwa na masharti. Mshtakiwa alitakiwa kueleza alichokifanya, wapi, lini na pamoja na nani, ataje waliouawa na mahali miili ilipotupwa, kisha aombe radhi hadharani. Aliyesema tu kwamba amekosa na anajuta, ungamo lake halikupokelewa. Gacaca ilikuwa na kasoro nyingi na wakosoaji wengi, lakini katika kuipambanua toba yenye taarifa na toba isiyo na taarifa, watunga sheria wa Kigali walikuwa wazi kuliko wazee wengi wa makanisa.

Je, yaliyopita hayawezi basi kuachwa? Ujumbe kwamba yanaweza ndio unaowavuta watu kwa maelfu mjini Houston. Kanisa la Lakewood, lililoanzishwa mwaka 1959 katika ghala lililokuwa likiuza chakula cha mifugo, tangu mwaka 2005 linakutana katika uwanja wa ndani ambao zamani timu ya mpira wa kikapu ya Houston Rockets ilichezea, wenye viti vipatavyo 16,000. Mchungaji wake, Joel Osteen, huhubiri mara kwa mara kwamba mtu asiishi akitazama nyuma, na kwamba jana isimnyang'anye kesho. Wanaomkosoa husema huo ni ushauri wa kujipa moyo tu. Ukweli ni kwamba msingi wake umo katika Biblia: mtume Paulo, aliyewahi kulitesa kanisa, aliwaandikia Wafilipi kwamba anayasahau yaliyo nyuma, na nabii Mika alisema Mungu huzitupa dhambi katika vilindi vya bahari.

Na wapo wanaouhitaji ujumbe huo kama mgonjwa ahitajivyo maji. Katika miji ya Houston, Dallas na Fort Worth wanaishi Wakongo wengi waliopitia kambi za wakimbizi, pamoja na Wakenya, Watanzania, Waganda, Wanyarwanda na Warundi, na yapo makusanyiko yanayoabudu kwa Kiswahili. Mtu aliyekimbia vita huku mzazi wake akibaki nyuma, akafa, aweza kuomba msamaha kila Jumapili kwa miaka 20 juu ya jambo ambalo halikuwa dhambi yake. Mwingine alitubu kweli, akalipa alichodaiwa, akapatana na aliowakosea, na bado halali. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba aungame tena ni kumwongezea mzigo. Mapadri wazoefu wanaujua ugonjwa huu wa dhamiri tangu karne nyingi, na huwakataza wenye nao kulirudia ungamo lililokwisha kupokelewa.

Hali ni tofauti kwa mwanamume aliyemwacha mke na watoto Kigoma au Bukavu, akafunga ndoa nyingine Texas bila kusema neno, kisha akasimama kanisani kushuhudia kwamba ameyaacha ya kale. Huenda ametubu kikweli mbele ya Mungu. Lakini mkewe wa kwanza bado anaulizwa na watoto baba yuko wapi, na hakuna aliyempigia simu. Kwake yeye hilo si jambo la kale, kwani ni ada ya shule ya muhula huu. Kwa sababu hiyo neno la kuyaachilia yaliyopita, likitamkwa na aliyekosa kabla aliyekosewa hajasikia lolote, husikika kama amri ya kunyamaza.

Sheria ya Texas imeweka mpaka mmoja ulio bayana, na wachungaji waliotoka Afrika Mashariki wanafaa kuujua. Kwa mujibu wa sheria ya familia ya jimbo hilo, yeyote mwenye sababu ya kuamini kwamba mtoto amedhulumiwa analazimika kutoa taarifa kwa vyombo vinavyohusika, na sheria inawataja viongozi wa dini kwa jina kwamba hawamo katika wanaosamehewa wajibu huo, hata kama habari waliipata katika mazungumzo ya faragha. Suluhu inayofanywa sebuleni na wazee wa pande mbili, na kufungwa kwa sala, haiufuti wajibu huo.

Mpaka wa pili ni wa karibuni zaidi. Mwanamke wa Oklahoma alieleza kwamba mwaka 2007, mawakili wake walipodai fidia, alitolewa ahadi ya dola 25,000 kwa sharti la kutia saini mkataba wa kunyamaza, akakataa. Mwaka 2025 alikwenda mbele ya wabunge wa Texas kuunga mkono muswada unaobatilisha mikataba ya namna hiyo pale inapomfunga mdomo mtu aliyedhulumiwa kingono utotoni. Muswada huo, uliopewa jina la Trey, kijana wa Dallas aliyedhulumiwa katika kambi ya Kikristo na ambaye alifariki mwaka 2019, ulipitishwa, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 2025.

Wakati huo kesi ya Robert Morris ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwezi Machi 2025 alishtakiwa katika jimbo la Oklahoma kwa makosa matano. Wengi walishangaa kwamba aliweza kushtakiwa baada ya zaidi ya miaka 40. Waendesha mashtaka walieleza kwamba muda wa ukomo haukuhesabika, kwani hakuwahi kuwa mkazi wa jimbo hilo. Tarehe 2 Oktoba 2025, katika mahakama ya wilaya ya Osage, alikiri makosa yote matano. Alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kilichoahirishwa isipokuwa miezi sita ya mwanzo, ambayo aliamriwa kuitumikia katika jela ya wilaya, aandikishwe katika daftari la wahalifu wa makosa ya ngono, na alipe fidia ya dola 270,000. Mwathirika wake, ambaye sasa ni mwanamke mwenye umri wa zaidi ya miaka 50, alisimama na kuzungumza mbele yake mahakamani. Katika hati ya mashtaka aliyoikiri siku hiyo, aliyekosewa hakuitwa mwanamke kijana. Neno lililoandikwa ni mtoto.